Mzunguko wa Kwanza ni wa Fundi

Kaeni, wapendwa. Leo siombi haleluya. Mwenye nayo aitunze mpaka nimalize, halafu ataamua mwenyewe kama anaitoa hapa au anarudi nayo hosteli.

Kamati imenipa kichwa cha somo: chombo kilichopasuka. Tunakipenda sana kichwa hiki. Kila muhula lazima kipite, na kikipita tunalia kidogo, tunakumbatiana, tunatoka nyuso zinang'aa. Mungu hakitupi kilichopasuka, hukichukua akakifanya cha thamani. Sikatai. Ila leo nataka tuingie karakana. Nataka tusimame karibu na mashine, tuone chombo kilichopasuka kinavyotengenezwa na mtu mwenye mwili, mwenye macho mawili na taya moja. Maana ukikaa mbali na mashine, kila ufa ni ushuhuda.

Palikuwa na karakana katika mji mmoja wa milimani, nyuma ya soko la mbao. Kazi yao kukereza mabakuli. Kama hujawahi kumwona mtu anakereza, ni hivi: gogo linafungwa kwenye mashine, mashine inalizungusha kwa kasi mpaka jicho halioni tena pembe zake, na mkereza anasimama mbele yake, uso kwa uso, anasogeza patasi taratibu. Maranda yanaruka, karakana inanuka mti, na bakuli linajitokeza kutoka tumboni mwa gogo kana kwamba lilikuwamo humo siku zote likisubiri kuitwa. Ni kazi tamu kuitazama. Lakini gogo likiwa na ufa, likishika kasi, linaachana. Na likiachana halidondoki chini kwa adabu. Linakuja kwako.

Mwenye karakana tumwite fundi, ndivyo mji mzima ulivyomwita. Alikuwa na mkereza wake, mwanamke mwenye watoto wawili, aliyeanza hapo kwa kufagia maranda mpaka akaimudu patasi kuliko wanaume wote waliopita pale. Mabakuli yaliyosifiwa mjini yalitoka mikononi mwake, yakauzwa kwa jina la fundi. Sisemi hilo kwa ubaya. Nasema mlijue.

Karakana ile ilikuwa na desturi mbili, na fundi mwenyewe ndiye aliyeziweka enzi za ujana wake, baada ya kumwona mwenzake akipigwa na kipande cha mbao ya mkongo kilichompeleka hospitali akarudi hana meno ya mbele. Desturi ya kwanza: atakayeuona ufa auchore kwa chaki, kuanzia unapoanzia hadi unapoishia, na chaki hiyo haifutwi na mtu yeyote isipokuwa yule atakayesimama mbele ya mashine. Kwa nini yeye? Kwa sababu uso ni wake. Desturi ya pili: gogo kubwa likifungwa kwenye mashine, mzunguko wa kwanza ni wa fundi. Yeye ndiye anayesimama mbele, yeye ndiye anayewasha. Gogo lenye neno la kusema hulisema kwenye mzunguko wa kwanza. Likipita hapo salama, ndipo fundi anapisha, mkereza anaendelea.

Sikilizeni vizuri: mbao zenye ufa hazikutupwa pale. Yule mwanamke alizipenda. Aliufuata ufa kwa msumeno, akalitenganisha gogo lilipotaka kutengana, akatoa mabakuli madogo. Au aliuacha ufa wazi, akaushona kwa waya wa shaba kama bibi zetu walivyokuwa wakishona kibuyu kilichopasuka, na watu walitoka mbali kuja kununua bakuli lenye mshono. Ufa alioujua haukumtisha.

Sasa, wiki chache kabla ya Pasaka, akaingia mzee wa kanisa. Nyuma yake mkokoteni, juu ya mkokoteni gogo la mninga, pana kama meza ya chai.

"Fundi," akasema, "Alhamisi Kuu baba askofu anakuja kutuosha miguu. Mwaka jana tulimwekea beseni la plastiki lenye picha ya samaki. Nilitamani ardhi inimeze. Mwaka huu nataka bakuli. Moja. Kubwa. La mninga huu ulioanguka nyuma ya nyumba ya mchungaji."

Yule mwanamke akachutama. Akalizungusha gogo, akapitisha kiganja, akasimama, akachutama tena upande wa pili. Akachomoa chaki mfukoni mwa aproni yake, akaanza kuchora. Mstari ukatoka kwenye moyo wa mti, ukaja mpaka karibu na ganda, ukageuka, ukashuka ubavuni.

"Mzee, gogo hili mlilianika wapi?"

"Juu ya bati la jiko la kanisa. Likauke upesi."

"Na miisho yake, mliipaka nta? Hata rangi tu?"

"Nta ya nini, mama? Sisi ni Wakristo, si watengeneza mishumaa."

Waliokuwapo wakacheka. Yeye hakucheka.

"Limekauka nje, ndani bado bichi. Nje limejivuta, ndani limekataa, likapasuka mpaka moyoni. Bakuli moja kubwa halitoki humu, mzee. Lakini nikilipasua kwa kuufuata huu ufa, nakupa mabakuli mawili. Moja litakuwa zima, la pili nitalishona kwa waya. Yatapendeza."

"Mawili?" Mzee akamgeukia fundi badala ya kumjibu yeye. "Tangu lini watu wakaoshwa miguu kwa mabakuli mawili? Mguu huu huku, mguu huu kule?"

Hapo fundi angeweza kusema neno moja likatosha. Lakini fundi hakuwahi kuliambia kanisa hapana. Mimbari alichonga yeye. Milango alichonga yeye. Akipita Jumapili watu wanasema, yule pale, mikono ya Mungu. Mtu ukishaitwa mikono ya Mungu, unawaambiaje watu kwamba gogo limekushinda?

"Niachie, mzee," akasema. "Utapata moja."

"Fundi," mwanamke akasema kwa sauti ya chini, "chaki umeiona."

"Nimeiona, mama. Nenda nyumbani leo, umechoka."

Akaenda. Na hapa, wapendwa, nawaomba mbaki karakana, msimfuate.

Fundi alichukua kitambaa chenye maji, akaifuta chaki. Yote. Akakusanya unga laini wa mninga ule ule, akauchanganya na gundi, akausukumiza ndani ya ufa kwa ncha ya kisu mpaka ufa ukashiba. Akapitisha msasa. Akapaka nta, akasugua. Na alikuwa fundi kweli, siwezi kumnyima hilo: ufa ukapotea. Kuna jambo lingine alilijua. Wakereza huligonga gogo kwa vifundo vya vidole wakasikiliza. Zima huitika mara moja, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kibovu. Lakini ufa ukishashindiliwa gundi, hata sauti inadanganya.

Je, alitaka kumuumiza? Hapana. Tuelewane hapa, maana hapa ndipo tunapopenda kupotelea: tukishajua mtu hakukusudia mabaya, tunafunga faili. Hakukusudia. Alitaka bakuli moja, askofu mmoja, sifa moja. Alijiambia, huenda litashika. Na inawezekana kabisa lingeshika. Lakini kwenye hiyo "huenda" yake alimpanga mtu mwingine asimame.

Kulipokucha, karakana ilijaa. Mzee wa kanisa amekuja na kina mama wa umoja, na kwaya nusu nzima, na kijana wa kupiga picha kwa simu. Wamekuja kuiombea kazi ianze. Fundi hakuvaa aproni. Amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi.

Mwanamke akaingia, akaliona gogo juu ya meza. Safi. Linang'aa. Hakuna chaki.

"Fundi, chaki yangu?"

"Nimelichonga upya jana. Ule ufa ulikuwa wa ngozi tu, umeondoka na ngozi. Gonga mwenyewe."

Akagonga. Gogo likaitika zima. Akagonga upande wa pili. Zima. Kila aliyekuwapo alisikia.

"Umeridhika?" fundi akauliza, anatabasamu kwa wageni.

Sikio lake mwenyewe limemkatalia. Akalibeba gogo na wafanyakazi wenzake, akalifunga kwenye mashine, akakaza skrubu, akakaza tena. Halafu akasogea pembeni, kama desturi, ampishe fundi.

Fundi hakusogea.

"Leo," akasema kwa sauti ya watu wote, "mzunguko wa kwanza naufanya zawadi. Miaka yote nimewasha mimi. Leo mbele ya kanisa, namheshimu mwanamke huyu. Awashe yeye!"

Mnajua kilichofuata. Vigelegele! Kina mama wanapiga makofi, kwaya imeanza pambio, mzee wa kanisa anatikisa kichwa kwa furaha, "Fundi, wewe ni mtu wa nyakati hizi!" Na dada zangu mlio hapa, nisikilizeni kwa masikio yote mawili. Ziko heshima tunazopewa mbele za watu ambazo, ukizitazama kwa chini, ni mahali pa kusimama ambapo mwenye kuitoa heshima hataki kusimama mwenyewe.

Mwanamke akavaa miwani yake. Akapeleka mkono kwenye swichi ukutani. Na kama mkereza yeyote, kabla ya kuwasha akatazama nani yuko wapi, asije mtu akasimama kwenye njia ya maranda. Watu wote walikuwa wamejisogeza mbele waone vizuri. Wote, isipokuwa mmoja. Fundi alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni, amesimama nyuma ya nguzo. Bega moja tu lilionekana, na nusu ya uso.

Mkono ukatoka kwenye swichi.

"Fundi, mbona uko huko?"

"Nawapisha wageni."

"Wageni wako mbele. Njoo usimame hapa nami."

"Washa, mama. Usitucheleweshe."

"Mzunguko wa kwanza ni wako. Njoo ufanye wako, nitafanya yote yaliyobaki."

Pambio likafifia. Mzee wa kanisa akakunja uso.

"Mama, wewe ni mkereza au hakimu? Mtu amekuheshimu, unamwaibisha mbele ya watu?"

"Simwaibishi, mzee. Namuuliza kwa nini yuko nyuma ya nguzo."

"Huna imani, ndiyo shida. Jana ulikuja na ufa wako, leo umegonga mwenyewe ukasikia ni zima, bado unatafuta. Na hata kama upo! Mungu wetu anatumia hata vyombo vilivyopasuka!"

"Amina," wakasema kina mama.

"Najua, mzee," mwanamke akasema. "Hata mimi navitumia kila siku. Ila natumia nikijua vimepasukia wapi."

Kila mtu akatazama viatu vyake, kama kikaoni, kana kwamba kavinunua leo. Kwa sababu waliona, wapendwa. Msidhani hawakuona. Kila mtu pale alimwona fundi nyuma ya nguzo. Hakuna aliyehitaji kujua lolote kuhusu mininga na gundi. Mtu mzima anayeliamini gogo lake haliogopi.

"Sawa," mwanamke akasema. Akavua miwani. "Swichi iko ukutani, naweza kuwasha nikiwa pembeni. Anayesema ni zima, aje asimame hapa niliposimama mimi."

Kwaya ikageuka sanamu. Kijana wa picha akashusha simu. Mama mmoja aliyekuwa amepiga kigelegele kuliko wote akakumbuka kuna kitu kimemwingia jichoni.

Ndipo mzee wa kanisa akavua kofia.

"Nitasimama mimi."

Wala hakuwa anatania. Alimwamini fundi. Wamebatizwa siku moja, wameoa mwaka mmoja, wamezikiana wazazi. Akapita katikati ya watu, akachukua ile miwani, akaivaa upande upande, akasimama mbele ya gogo, kidevu juu. Kipaji chake cha uso sawasawa na moyo wa mti.

"Mzee, una hakika?"

"Washa, binti. Uone imani."

Mwanamke akageukia mlangoni.

"Fundi."

Bega likajificha nyuma ya nguzo.

"Fundi, aliyesimama hapa ni ndugu yako. Niwashe?"

Rudini kwenye mlango ule, wapendwa, msipite haraka. Mtu yuko nyuma ya nguzo. Anajua kuna nini ndani ya gogo, alikishindilia kwa kisu chake mwenyewe. Rafiki yake wa ujana amesimama kwenye njia yake. Neno moja tu linatakiwa. Si hotuba, si toba ya machozi. "Subiri." Basi. Lakini neno hilo litasikiwa na kina mama, na kwaya, na askofu ataambiwa, na Jumapili hakuna atakayesema tena mikono ya Mungu.

Fundi akajifuta jasho.

"Washa," akasema.

Na mkono wa yule mwanamke uko kwenye swichi. Hapa pia tusipite haraka. Ameitwa asiye na imani. Amechekwa. Na aliyemwambia hayo amesimama mwenyewe mbele ya gogo, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, kwa ruhusa ya fundi. Akibonyeza tu, ameshinda. Hatahitaji hoja nyingine tena maisha yake yote. Sisi tunaopenda kushinda mdahalo tunaujua utamu huo, hata meno yanausikia.

Akauacha mkono ukashuka kwenye waya. Akaichomoa plagi ukutani, akaitupa sakafuni mahali ambapo watu wote wataiona.

"Mzee, sogea."

Akachukua kabari na nyundo. Hakuwa na chaki ya kumwongoza, lakini mstari aliuchora yeye, mkono ulikumbuka. Akaiweka kabari pale kwenye moyo wa mti, akapiga. Gogo likalia. Akapiga tena, likaachana kwa mlio uliowarudisha kina mama wote nyuma, nusu moja ikabaki kwenye mashine, nusu ikaanguka miguuni pa mzee wa kanisa. Na kati ya nusu hizo, gundi. Nje ilikuwa imekauka, imechukua rangi ya mti. Katikati ilikuwa bado mbichi, nyeupe kama uji wa mtoto, inavutika nyuzi nyuzi.

Mzee wa kanisa akaitazama. Akagusa kipaji chake cha uso. Akaketi juu ya maranda na suti yake.

"Nilikuwa karibu kusema," fundi akasema kutoka nyuma ya nguzo.

Sasa niambieni. Mzee yule aliposimama, alimwendea nani? Nawaona mnajibu moyoni: alimwendea fundi, akamshika shati la kitenge. Ndivyo ingekuwa katika mfano mzuri. Mzee alisimama, akajikung'uta maranda, akamnyooshea kidole mwanamke.

"Ulikuwa unajua! Ulijua, ukaniacha nisimame pale!"

"Nilisema, mzee. Jana nilisema, leo nimesema."

"Hukusema vizuri!"

Hukusema vizuri.

Na lilishika, neno hilo. Kina mama walitoka wakiambiana: ni kweli, lakini alivyosema. Mbele za watu! Angemwita pembeni. Angemwandikia hata ujumbe. Mwanamke mwenye busara hasemi hivyo. Baraza la kanisa likakaa. Fundi akaja akalia, akasema, hata mimi ni chombo kilichopasuka, na hakubaki mtu mwenye jicho kavu, wakamwekea mikono, wakamletea gogo lingine kabla hata hajanawa uso. Mwanamke akaitwa baada yake. Akashauriwa kuhusu ulimi. Akaambiwa apumzike nyumbani kwa muda, atafakari. Na Alhamisi Kuu watu wakaoshwa miguu katika bakuli zuri, na somo likahubiriwa, somo hili hili mlilonipa leo. Yeye alikuwa kwake, macho yake mawili na taya lake moja vyote vipo, hana kazi.

Wapendwa, tumezoea kusikia mfano wa chombo kilichopasuka tukijiweka kwenye nafasi ya chombo. Ni nafasi tamu. Chombo hakiulizwi chochote. Kinabebwa, kinarekebishwa, kinaimbiwa. Lakini katika karakana ile sisi si chombo. Sisi ni wale waliosimama pale. Tumemwona mtu nyuma ya nguzo, tukapiga vigelegele. Tumesikia swali la haki, tukalijibu kwa amina. Na tulipoonyeshwa gundi mbichi, tukaanza kusahihisha sauti ya aliyeipasua.

Mnaona naelekea wapi. Wengine mmeanza kufungua Biblia ghafla.

Mwezi huu dada mmoja wa ushirika huu alisimama kwenye kikao chetu akasema: msiwapeleke wasichana wa mwaka wa kwanza peke yao kwenye ushauri chumbani kwa kiongozi wetu wa maombi. Hakumtukana mtu. Alichora mstari tu, ulipoanzia hadi ulipoishia. Tulifanya nini? Tulimwambia asimchafue mtumishi. Tulimwambia kila mtu ana udhaifu wake, Mungu anatumia vyombo vilivyopasuka. Tukamwondoa kwenye timu ya mapokezi "apumzike". Na mtumishi tukamwombea, tukamwachia zamu yake ileile.

Sijamhukumu, nisizushiwe. Gogo lenye chaki halitupwi nje na halichomwi. Linasimamishwa. Linapasuliwa mahali pa wazi, na watu wenye macho wanaangalia ndani. Kama ndani ni mti mtupu, tutamwomba radhi mtumishi kwa sauti ile ile tuliyomshuku nayo, na mimi nitakuwa wa kwanza. Chuo kina ofisi ya kupokea jambo kama hili, na ushirika una walezi. Ninachokataa ni kuifuta chaki wakati uso ulio mbele ya mashine si wetu.

Na nyuso hizo zinakuja. Jumamosi wanafunzi wapya wanaripoti. Ratiba ya ushauri mmeshaiona: chumba kile kile, mmoja mmoja, jioni.

Basi nina swali moja, na sitaki amina, nataka mkono. Humu ndani wengi wana wadogo zao wa kike wanaoanza mwaka huu, nawajua baadhi. Anayesema hakuna ufa, anayesema dada yule alikosa imani, alikosa busara, hakusema vizuri, anyooshe mkono, na mdogo wake awe wa kwanza kuingia chumba kile Jumamosi.

Nasubiri.

Kaka wa kinanda, acha kwanza. Usitupigie wimbo wa kutuokoa.

Nasubiri bado. Nyuma kule? Kwaya? Kamati?

Sioni mkono.

Basi tunajua, sote, tangu zamani. Tusimame, wapendwa. Tukishasimama hatuombi kwanza. Tunatoka pamoja, tunakwenda kwa walezi sasa hivi kabla hawajalala, na dada yule anatangulia mbele yetu, na safari hii hakuna mtu wa kumfundisha namna ya kusema.